Gitaa Linalojibu: Miaka ya Mwanzo ya Bendi za Gatanga na Kilimambogo

Uhakiki wa nyimbo za gitaa nchini Kenya umekuwa, kwa muda mrefu, uhakiki wa maneno. Mtafiti hupata santuri au kaseti, huisikiliza mara kadhaa, huyanukuu maneno yake katika karatasi, huyafasiri iwapo hayako katika lugha ya tasnifu yake, kisha huyagawa katika mafungu ya dhamira: mapenzi, ulevi, siasa, maonyo kwa vijana. Baada ya hapo santuri hurudishwa kabatini. Sehemu ya wimbo isiyokuwa na maneno, ambayo katika benga ndiyo inayowainua watu vitini, huwakilishwa katika kiambatisho kwa neno moja lililotiwa ndani ya mabano: (ala). Makala hii inadai kwamba mabano hayo yamemeza nusu ya matini, na kwamba nusu hiyo iliyomezwa ndiyo iliyozitofautisha bendi za kujitegemea za eneo la Thika na Ruiru katika miaka yao ya mwanzo.

Kosa hili lina historia. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wakipendekeza kwamba Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ile simulizi ikiwamo, iwekwe kitovuni mwa mafunzo. Mwaka mmoja kabla ya waraka huo, kijana wa Gatanga, Daniel Kamau, ambaye mashabiki wake walikuja kumwita DK, alikuwa amekwisha kutoa santuri zake tatu za kwanza ilhali angali mwanafunzi wa shule. Matukio haya mawili yalitokea katika ukanda mmoja wa nchi, na hayakukutana. Waraka ulizaa kizazi cha watafiti waliokwenda vijijini na vinasa sauti kumtafuta mzee mwenye ngano na bibi mwenye vitendawili. Njiani walipita Ruiru, wakapita Thika, na katika baa za miji hiyo nyimbo zilikuwa zikitungwa, zikiimbwa na kujibiwa kila mwisho wa juma. Wachache walishuka garini. Wimbo uliopigwa kwa gitaa la umeme ulionekana kuwa ni biashara. Fasihi simulizi ilikuwa ni kitu kilichotishiwa kufa, na kilichotishiwa kufa hakiwezi kuwa kinauzwa kwa shilingi kadhaa katika duka la River Road. Kejeli ni kwamba Owuor Anyumba mwenyewe alikuwa amechunguza nyimbo za nyatiti, ala ambayo upigaji wake hutajwa na wengi kuwa ndio chemchemi ya gitaa la benga. Njia kutoka kwa nyatiti hadi kwa gitaa ilikuwa fupi mno. Idara za fasihi hazikuifuata kwa ari iliyostahili.

Sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya historia ya muziki huu imefanywa nje ya kumbi za mihadhara. Shirika la Ketebul Music, likiongozwa na Tabu Osusa, lilitoa mkusanyiko kuhusu benga mwaka 2008, mwingine kuhusu muziki wa Wagikuyu mwaka 2010, na kitabu *Shades of Benga* mwaka 2017. Ndani ya vyuo, kitabu cha Maina wa Mũtonya cha mwaka 2013 kuhusu nyimbo pendwa za Kigikuyu za kati ya 1990 na 2000 ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini hata hicho shabaha yake ni siasa ya maisha ya kila siku kama inavyosemwa katika nyimbo, wala si namna wimbo unavyojengwa na watu wanne au watano wanaosikilizana jukwaani.

Mwalimu wa fasihi ya Kiswahili hana sababu ya kujitetea kwa ukosefu wa nadharia. Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, iliyochapishwa katika *Mulika*, M. M. Mulokozi aliionyesha fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Orodha hii imekaririwa na wanafunzi kwa zaidi ya miaka thelathini, na aghalabu hukaririwa kama sala, yaani bila kutazamiwa kuleta matokeo. Ikitumiwa kwa dhati, inatulazimu kuuliza: katika bendi, fanani ni nani? Jibu la kawaida ni mwimbaji. Jibu sahihi ni kwamba fanani ni wengi, na mmoja wao, anayeshika gitaa la solo, hasemi neno hata moja.

Barabara na mlango wa baa

Thika iko yapata kilomita 40 kaskazini mashariki mwa Nairobi, na Ruiru iko katikati ya njia hiyo. Upande wa magharibi wa Thika, nchi hupanda kuelekea Gatanga, yenye chai na kahawa, alikotoka DK na bendi yake ya Lulus. Na ndiko alikotoka pia, kizazi kimoja baadaye, John De'Mathew, aliyefariki katika ajali ya barabarani huko Thika mnamo Agosti 2019. Upande wa mashariki nchi hushuka na kukauka, kukaja mashamba ya mkonge na mananasi, kisha ukainuka peke yake mlima wa Kilimambogo, wenye urefu wa zaidi ya mita 2,100. Chini ya mlima huo ndiko alikozaliwa Kakai Kilonzo mwaka 1954, na jina lake ndilo alilolipa bendi aliyoiongoza kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi kifo chake mwaka 1987: Kilimambogo Brothers. Bendi moja Kigikuyu, nyingine Kikamba. Moja kutoka mlimani kwenye mvua, nyingine kutoka ukavuni. Na zote mbili, zilipotaka kwenda Nairobi, hazikuwa na budi kushuka hadi barabara moja.

Barabara hiyo haikuwa njia tu. Ruiru ya wakati huo ilikuwa mji mdogo uliozungukwa na mashamba makubwa ya kahawa, na kituo cha utafiti wa kahawa ambacho baadaye, mwaka 1985, kiliipa dunia mbegu iliyoitwa Ruiru 11. Thika ilikuwa mji wa viwanda: nguo, ngozi, matunda ya makopo. Watu waliolipwa mishahara katika mashamba na viwanda hivyo hawakuwa wa kabila moja. Walikuwepo Wagikuyu na Wakamba kwa wingi, na pamoja nao Waluo, Waluhya na wengineo waliofuata kazi. Hii ndiyo hadhira. Mhakiki anayeuita wimbo wa DK "wimbo wa Wagikuyu", au wa Kakai "wimbo wa Wakamba", anaitaja lugha ya maneno yake, lakini bado hajaitaja hadhira yake.

Mpangilio wa fedha nao ulikuwa na athari katika umbo la wimbo, ingawa wahakiki wa fasihi huona haya kuzungumzia fedha. Kwa desturi iliyozoeleka, kiingilio cha mlangoni kilikuwa cha bendi, na mauzo ya vinywaji yalikuwa ya mwenye baa. Santuri haikumlisha mwanamuziki. Wengi waliuza rekodi zao kwa mtayarishaji kwa malipo ya mara moja, na asilimia ya mauzo ikawa ni ahadi ya mdomo. Baadhi, Joseph Kamaru akiwa mfano maarufu kupita wote, walijinasua kwa kufungua duka na lebo zao wenyewe. Lakini kwa bendi changa santuri ilikuwa tangazo la usiku wa Jumamosi, na usiku wa Jumamosi ndio uliokuwa chakula. Bendi iliyotegemea mlango ilibidi iwaweke watu ndani hadi alfajiri. Haiwezekani kuwaweka watu ndani hadi alfajiri kwa nyimbo za dakika tatu. Wimbo ulirefushwa, na kilichourefusha si beti mpya, kwani mtunzi hana beti za usiku kucha, bali mazungumzo ya magitaa.

Pande mbili za santuri

Umbo la benga, kama lilivyokomaa katika miaka ya 1970, linajulikana kwa kila aliyewahi kulicheza. Gitaa la solo hufungua. Sauti huingia na mshororo wake; sauti inapopumua, gitaa hudakia na kuurudia mshororo ule kwa nyuzi, mara nyingine kwa uaminifu, mara nyingine kwa ubishi. Gitaa la ridhimu hushika mzunguko wake bila kuyumba, na besi, ambayo katika benga haikubali kuwa mtumwa wa ngoma, hujibizana na vyote viwili. Kisha maneno hukoma. Magitaa hubaki yenyewe, mwendo hukazwa, na hapo ndipo kilele cha wimbo kilipo.

Wimbo wa namna hii ulipopelekwa studio ulikumbana na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, ambayo kila upande ulichukua dakika tatu, nne au zaidi kidogo. Watayarishaji waliukata wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Mara nyingi kisu kilipita pale pale maneno yanapopungua na magitaa yanapoanza kutawala. Msikilizaji wa nyumbani ilimbidi anyanyuke, aigeuze santuri, aishushe sindano, ndipo akipate kilele. Mhakiki wa maneno, akiwa amekwisha kunukuu beti zote upande wa kwanza, hakuwa na sababu ya kunyanyuka. Si ajabu kwamba nusu ya pili ya nyimbo hizi haimo katika viambatisho vya tasnifu zetu.

Je, majibizano haya ni fasihi, au ni muziki tu ambao ungeachiwa idara nyingine? Hoja ya kuyaachia inaonekana ya kistaarabu, lakini inasahau jinsi ushairi wa majibizano ulivyokuwa katika jamii hizi hizi. Katika tasnifu yake ya mwaka 1993, Kimani Njogu aliichunguza gĩcaandĩ ya Wagikuyu, utanzu wa fumbo na jibu unaoimbwa kwa kibuyu chenye michoro, akauweka sambamba na ushairi wa malumbano wa Kiswahili, na akaonyesha kwamba maana katika tanzu hizo haimo katika kauli ya mmoja bali huzaliwa baina ya kauli mbili. Itakuwa pupa kudai kwamba gitaa la Gatanga limezaliwa na kibuyu cha gĩcaandĩ. Baina yao kuna mwomboko na kodiani lake, dansi iliyochipuka kabla ya Uhuru kwa kuchanganya miondoko ya kienyeji na ya kizungu. Kuna Wakongo na gitaa lao la vidole. Kuna Waluo walioifanya benga iwe benga. Ukoo wa gitaa hili ni mpana. Linaloweza kudaiwa ni dogo zaidi na ni imara zaidi: hadhira iliyolelewa katika tanzu zinazodai jibu haikuyasikia magitaa yale kama pambo. Iliyasikia kama jibu.

Hapa panafaa mlinganisho wa mbali. Mwaka 1969 bendi ya Uingereza iitwayo Fairport Convention ilitoa albamu ya *Liege & Lief*, ambamo tendi za kale za Kiingereza zilipigwa kwa gitaa la umeme, na ambayo imehesabiwa tangu hapo kuwa mwanzo wa roki ya jadi ya nchi hiyo. Wale vijana waliziendea nyimbo hizo maktabani, katika makusanyo ya wataalamu. Utanzu ulikuwa umelala, nao wakauamsha kwa umeme. Katika Gatanga na Kilimambogo hapakuwa na aliyelala. Kijana aliyeshika gitaa la umeme mwaka 1970 alikuwa amecheza ngoma za rika lake au ameziona zikichezwa, na wasikilizaji wake vilevile. Umeme haukufufua kitu. Uliongeza sauti ili isikike juu ya kelele za baa. Kwa hiyo swali wanalolipenda wahakiki wa Ulaya, iwapo gitaa la umeme lilikuwa usaliti wa jadi, halina maana kubwa kwetu, na linapotokea katika tasnifu za Nairobi huwa limeazimwa bila kupimwa.

Jina la mlima

Bendi ya Kakai inamhusu mwalimu wa Kiswahili kwa sababu nyingine. Kakai aliimba kwa Kikamba, na alipokwisha kupata wafuasi aliimba pia kwa Kiswahili. Maelezo yanayotolewa ni ya soko: Kiswahili kiliuza nchi nzima. Maelezo haya ni ya kweli, lakini ni ya uvivu. Yanachukulia kwamba lugha ilibadilika na wimbo ukabaki ule ule, au kwamba wimbo ulibadilika ukawa wa mji. Sikio linasema vingine. Gitaa halikuhama. Mikato yake, haraka yake na uzito wake wa ngoma vilibaki vya Ukambani, hata mwimbaji alipokuwa akizungumza na abiria wa Kisumu na wa Mombasa. Katika nyimbo hizi sauti imevuka na gitaa limebaki nyumbani, na mvutano baina ya viwili hivyo ndio ladha yake. Mhakiki wa maneno hawezi kuuona mvutano huu, kwa kuwa kilichobaki nyumbani kimo ndani ya mabano.

Jina la bendi linathibitisha kwamba uchaguzi wa Kiswahili haukungoja soko. Mlima ule una majina mengi. Wamasai huuita Ol Donyo Sabuk. Wagikuyu huuita Kĩanjahĩ na Wakamba Kyanzavi, na majina haya mawili ni jina moja katika lugha mbili ndugu, jina lenye njahi ndani yake. Kijana wa Kikamba aliyetaka kujivunia kwao alikuwa na jina tayari la Kikamba. Alichagua la Kiswahili, kilima cha mbogo, jina ambalo Mkamba, Mgikuyu na Mluhya wa shamba la mkonge waliliitikia bila mmoja kuwa mwenyeji kuliko mwenziwe. Baadaye bendi ikajitia pia neno la Kifaransa mbele, *Les*, kwa mtindo wa bendi za Kikongo zilizotamba Nairobi, na neno la Kiingereza likabaki nyuma. Lugha tatu kwa jina la mlima mmoja wa Ukambani! Wasomi wa kuchanganya ndimi wamekwenda mbali kutafuta mifano duni kuliko huu.

Na bado nyimbo za Kiswahili za bendi hizi za bara hazijapata nafasi katika silabasi zetu. Taarabu imepata, na inastahili. Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab wamepata, kwa kuwa Kiswahili chao ni cha Tanzania. Kiswahili cha Thika kinahesabiwa kuwa kibovu kwa sababu ngeli zake zimelegea. Ngeli kweli zimelegea. Lakini kipimo cha usanifu wa ngeli ni kipimo cha maneno tena, na hutumiwa kuuhukumu wimbo ambao ufundi wake umegawanywa baina ya mdomo na vidole.

Haki inadai kukiri kwamba dai la makala hii halina nguvu sawa kila mahali. Kwa Joseph Kamaru (1939–2018), wa Kangema, neno ndilo mfalme. Wimbo wake wa mwaka 1969 uliowasuta walimu waliowatongoza wanafunzi uliwachoma walimu wenyewe. Aliposema mwaka 1975 juu ya mauaji ya J. M. Kariuki, watu walitaka kusikia kilichosemwa, si kilichopigwa. Anayemsoma Kamaru kwa maneno yake hajapotea sana. Kosa ni kumfanya Kamaru kigezo cha wote, kisha kuwaona DK na Kakai kuwa ni watu wa "burudani" kwa kuwa beti zao hazina uzito wa kisiasa wa beti za Kamaru. Walikuwa na uzito mwingine, nao ulikuwa mahali pengine katika wimbo.

Mtu mmoja na gitaa

Ushahidi wa mwisho ulitolewa na historia bila kukusudia. Kaseti na uharamia wake zilikausha biashara ya santuri. Bendi kubwa zikawa ghali kuziendesha. Katika miaka ya 1990, katika baa za Nairobi na za barabara ya Thika, aliingia mtu mmoja mwenye gitaa moja na kinanda au mashine ya midundo. Mtindo uliitwa mũgithi, yaani gari la moshi, kwa vile wachezaji hushikana mabega wakafuatana kama mabehewa. Salim Junior, Mike Murimi na wenzao walizichukua nyimbo za bendi za zamani, za DK zikiwamo, wakaziimba usiku kucha.

Maneno yalihifadhiwa. Kwa mhakiki wa dhamira, kwa hiyo, hakuna kilichopotea: beti ni zile zile, na viambatisho viwili vingelingana mshororo kwa mshororo. Lakini aliyezijua nyimbo hizo kwa bendi husikia pengo mara moja. Mtu mmoja hawezi kujibizana na nafsi yake kwa kasi ile. Anapoimba, gitaa lake hutunza mwendo, na anaponyamaza hakuna wa pili wa kumbishia. Kilele, kile kilichohitaji santuri igeuzwe, kimefupishwa au kimeondolewa.

Pengo hilo halikukaa wazi. Hadhira ya mũgithi ina mazoea yanayojulikana sana: mwimbaji akimaliza mshororo, watu hudakia kwa kauli yao, aghalabu ya matusi, aghalabu ya kuchekesha, na mara nyingi yenye kuugeuza wimbo wa kanisa au wa mapenzi uwe kitu kingine. Waandishi wa magazeti wamelizungumza jambo hili kama kuporomoka kwa maadili. Lakini ikitazamwa mahali kauli hizo zinapoangukia, huangukia pale pale gitaa la solo la Lulus lilipokuwa likijibu. Kama ni hivyo, basi mwanafunzi wa uzamili anayeunakili usiku mmoja wa mũgithi Ruiru anahitaji safu tatu katika daftari lake: ya mwimbaji, ya gitaa na ya ukumbi. Na anahitaji kando yake santuri ya zamani ya wimbo huo huo, iliyonakiliwa pande zote mbili, ili aone ni nani sasa amekalia kiti cha nani.